Kadi ya RAID kwenye kompyuta isiyo ya kawaida: mwongozo kamili kuanzia sloti hadi kadi ya akiba

Ukichomeka kadi ya RAID, yaani ile inayounganisha diski kadhaa kuwa safu moja, kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel au AMD, mambo mengi hujiendea yenyewe. Ubao mama unaitambua kadi, kadi inakuletea skrini yake ya mipangilio, mfumo endeshi unapata draiva (programu ya kuzungumza na kadi), na diski nne zinaonekana kama moja. Ihamishie kadi hiyohiyo kwenye Power Mac G5, kwenye mashine ya Sun yenye prosesa ya SPARC, kwenye Alpha, kwenye ubao wa POWER9 kama Talos II au wa RISC-V kama HiFive Unmatched, utagundua kuwa kila moja ya hatua hizo inaweza kukwama kivyake.

Ndiyo maana swali la "je, kadi hii inaendana na kompyuta yangu?" halijibiki kwa ndiyo au hapana. Ndani yake mna maswali manne. Je, kadi inaingia kwenye sloti na kupata umeme unaoifaa? Je, mashine inaweza kuwaka kutoka kwenye safu ya diski zinazosimamiwa na kadi hiyo? Je, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ina draiva inayofanya kazi kwa prosesa yako? Na je, ipo zana ya kukuambia kwamba diski imekufa?

Wengi huhangaika na swali la pili na kulisahau la nne. Kwangu mimi la nne ndilo zito kuliko yote. Safu isiyo na njia ya kukuarifu itaendelea kufanya kazi kimya baada ya diski ya kwanza kufa, nawe utapata habari siku ya pili inapokufa, wakati data imeshakwenda. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usihamishie faili lolote la maana hadi umalize ya sita.

Kabla ya yote: hakikisha ni kadi ya RAID kweli

Zipo aina tatu za kadi zinazouzwa kwa jina hilo. Ya kwanza ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na mara nyingi betri au kapasita ya kulinda kumbukumbu hiyo umeme ukikatika. MegaRAID, Dell PERC nyingi, HP Smart Array, Areca na 3ware za mfululizo wa 9000 zimo humo. Ya pili ni kadi ya kuunganishia diski tu, inayozikabidhi kwa mfumo endeshi moja moja. Chipu ya SAS2008 ya LSI ni mfano unaopatikana kila mahali. Ya tatu ni chipu ya kawaida ya SATA iliyobandikwa jina la RAID: kazi yote ya kugawa na kuunganisha data hufanywa na draiva, tena draiva iliyoandikwa kwa ajili ya x86, yaani familia ya prosesa za Intel na AMD.

Kadi za aina ya tatu ukizipeleka kwenye mashine isiyo ya x86 hubaki kuwa SATA ya kawaida. Hilo si baya. Silicon Image 3112 na 3114 zimependwa miaka mingi na wenye AmigaOne na Power Mac za zamani kwa sababu hiyohiyo: ni chipu nyepesi, na draiva zake zipo. Usitegemee tu kwamba safu uliyoiunda kwa kadi hiyo kwenye PC itaonekana upande wa pili. Linux inaweza kusoma baadhi ya miundo hiyo kwa `mdadm`, zana yake ya RAID, lakini huo ni mlango wa kuokolea data, usiugeuze kuwa njia ya kila siku.

Usiamini jina lililo kwenye boksi. Chipu moja huuzwa kwa majina mengi: IBM M1015, Dell H200 na LSI 9211-8i zote zimejengwa juu ya SAS2008. Ichomeke kadi kwenye mashine yoyote yenye Linux, kisha andika `lspci -nn`. Namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha ndizo kitambulisho chake. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 1000 ni LSI ambayo leo ni Broadcom, 9005 ni Adaptec, 13c1 ni 3ware, 17d3 ni Areca. Nusu ya pili ni chipu yenyewe: 1000:0072 ni SAS2008, 1000:0079 ni MegaRAID ya SAS2108, 1000:0097 ni SAS3008. Iandike namba hiyo mahali. Utaihitaji tena kwenye draiva.

Hatua ya 1: sloti, umeme na joto

Kwenye mashine za PCI ya zamani, tazama mikato iliyo kwenye meno ya kadi. Mkato mmoja unaonyesha volti 5, mwingine volti 3.3, na kadi yenye mikato yote miwili inakubali kote. Sloti za PCI-X ni za volti 3.3, hivyo kadi kongwe ya volti 5 pekee haitaingia kwenye Power Mac G5 yenye PCI-X. Usilazimishe. Kadi ndefu ya biti 64 inaweza kukaa kwenye sloti fupi ya biti 32 sehemu yake ikining'inia nje, ilimradi mkato unalingana na hakuna kitu kwenye ubao kinachoigusa. Itafanya kazi, ila kasi itashuka hadi megabaiti 133 kwa sekunde, tena hizo wanagawana vifaa vyote vilivyo kwenye njia hiyo.

Kwenye PCI Express, hesabu njia za data (lane) zilizounganishwa kweli, usihesabu urefu wa sloti. HiFive Unmatched ina sloti ndefu ya x16 lakini njia zilizounganishwa ni 8. Raspberry Pi Compute Module 4 ina njia moja tu ya kizazi cha pili, yaani megabaiti 500 kwa sekunde kabla ya kutoa gharama za itifaki. Kadi ya x8 itakubali kufanya kazi kwa njia moja, lakini diski nane za kisasa zitakuwa zinapanga foleni. Kama sloti ni fupi na imezibwa mwishoni, tafuta kigeuzi. Kuikata kwa kisu kunawezekana na watu wanafanya, ila mimi sikushauri uifanyie hivyo mashine ambayo ubao wake hautengenezwi tena.

Sasa tatizo ambalo limewapotezea watu siku nzima. Unachomeka kadi ya seva, unawasha, feni zinazunguka, skrini inabaki nyeusi. Unaitoa kadi, mashine inawaka vizuri. Dell PERC 5/i na 6/i zinajulikana sana kwa tabia hii kwenye bao nyingi za mezani. Chanzo huwa ni SMBus, nyaya mbili za mawasiliano ya polepole ambazo ubao mama hutumia kusomea taarifa za moduli za kumbukumbu. Kadi inazungumza kwenye nyaya hizo wakati ubao unajaribu kusoma, ubao unashindwa kuitambua kumbukumbu, na safari inaishia hapo. Tiba ni kuziziba pini B5 na B6. Upande wa B ni ule wenye chipu. Anza kuhesabu kutoka mwisho ulio karibu na bati la kufungia kadi, na ufunike ya tano na ya sita kwa kipande chembamba cha tepu isiyopitisha umeme na inayovumilia joto. Kuwa mwangalifu, maana pini tatu za mwanzo zinabeba volti 12. RAID yenyewe haihitaji nyaya hizo mbili ili ifanye kazi.

Joto nalo linadharauliwa. Kadi hizi zilibuniwa kukaa ndani ya seva yenye feni kali, na nyingi hutaka upepo wa takriban futi 200 kwa dakika juu ya bati lao la kupozea. Ndani ya kasha la mezani lililotulia hakuna upepo wa namna hiyo. Kadi iliyopata joto kupita kiasi haizimiki moja kwa moja. Huanza kwa kupoteza diski moja kwa muda mfupi, safu inaanza kujijenga upya, joto linapanda zaidi, na unabaki unailaumu diski isiyo na kosa. Funga feni ndogo inayopuliza moja kwa moja kwenye bati hilo kabla hujaanza majaribio yoyote.

Hatua ya 2: je, mashine itawaka kutoka kwenye safu?

Hapa ndipo tofauti za mashine zinapojitokeza kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi hubeba ndani yake kipande cha kodi (msimbo wa programu) ambacho programu dhibiti (firmware) ya kompyuta hukiendesha kabla ya mfumo endeshi. Bila kodi hiyo, ubao haujui kuzisoma diski zilizo nyuma ya kadi. Kanuni za PCI zinaruhusu kadi moja ibebe kodi kadhaa za aina tofauti, kila moja ikiwa na alama yake: 0 kwa PC za BIOS, 1 kwa Open Firmware, 3 kwa EFI, ambazo zote ni aina za programu dhibiti. Kadi nyingi zinazouzwa zina 0 na 3 tu. Mashine za SPARC na Mac za PowerPC zinataka 1.

Huhitaji kubahatisha. Kwenye Linux unaweza kuitoa kodi hiyo na kuikagua. Nenda `/sys/bus/pci/devices/` kwenye folda ya kadi yako, andika `echo 1 > rom`, kisha `cat rom > /tmp/kadi.rom`, na mwisho `echo 0 > rom`. Fungua faili kwa `xxd`. Baiti mbili za kwanza zinapaswa kuwa 55 AA. Baada ya hapo tafuta herufi PCIR. Ukihesabu baiti 20 kutoka herufi P ikiwa sifuri, unakutana na alama ya aina ya kodi. Endelea kutafuta PCIR nyingine mbele, kwa sababu kodi hufuatana.

Ukikuta alama 3, rudi mwanzoni mwa kipande hicho hicho, kwenye 55 AA yake, na utazame baiti ya 10 na ya 11 kwa kuanza na sifuri. Zikisomeka 64 86, kodi imeandikwa kwa x86-64. Zikisomeka 4C 01, ni ya x86 ya biti 32. 64 AA ni ARM ya biti 64, na BC 0E ni kodi ya kati inayoweza kutafsiriwa na prosesa zaidi ya moja. Jambo hili dogo linaeleza mengi. Mac Pro ya 2006, kwa mfano, ina EFI ya biti 32 ingawa prosesa yake ni ya biti 64, hivyo kadi yenye EFI ya x86-64 pekee haitawasha kitu humo.

Kila familia ya mashine ina tabia yake:

Kwenye SPARC ya Sun, zima kuwaka kwa hiari kwa `setenv auto-boot? false`, kisha `reset-all`, halafu `probe-scsi-all`. Usiruke `reset-all`, kwani ukichunguza diski baada ya kuukatisha mfumo uliokuwa unaendelea, mashine inaweza kuganda. Kadi yenye kodi sahihi itaorodhesha diski. Isiyo nayo itaonekana kwenye `show-devs` kwa jina tupu la namba, mfano `pci1000,72`, bila diski yoyote chini yake. Kwa baadhi ya kadi za LSI ilitolewa kodi ya Open Firmware ya kupakia kwa `sas2flash`; nyingine hazikupata kamwe.

Kwenye Alpha, konsoli ya SRM ina draiva zake yenyewe na inatambua orodha fupi ya kadi. Mylex DAC960 ni miongoni mwa chache zilizokubalika kwa RAID. Kadi ya kisasa inaweza kufanya kazi chini ya Linux humo, lakini SRM haitaiona.

Talos II na Blackbird zimetatua jambo hili kwa namna ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya chipu ya ubao mna Linux ndogo yenye programu ya kuwashia iitwayo Petitboot. Inawaka kwanza, inapakia draiva za kawaida za Linux, inazisoma diski, kisha inaukabidhi usukani kwa kerneli uliyoichagua. Kodi iliyo kwenye kadi haihitajiki kabisa. Kadi yenye draiva ndani ya Linux hiyo inawasha mashine.

Bao za ARM zenye UEFI (toleo jipya la EFI) zinataka kodi ya ARM. Baadhi ya programu dhibiti zilizojengwa juu ya EDK II (msimbo huria wa UEFI) huwekewa kiigizi kinachoendesha kodi ya x86-64, na hapo kadi za kawaida hupata nafasi. Bao za RISC-V na ARM ndogo zenye U-Boot (programu ndogo ya kuwashia) kwa kawaida haziigusi kodi ya kadi. U-Boot inajua NVMe, USB, kadi ya SD na SATA ya kawaida, na wewe panga kulingana na hayo.

Ushauri wangu baada ya maelezo yote haya: usiilazimishe mashine iwake kutoka kwenye safu. Weka kerneli na faili la kuwashia kwenye kifaa kidogo ambacho ubao unakijua, iwe kadi ya SD, NVMe au diski ndogo ya SATA, kisha mfumo wenyewe au data tu ikae kwenye safu. Ukiweka mfumo wote kwenye safu, hakikisha draiva ya kadi imo ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa muda ambao kerneli huanza nao), la sivyo kerneli itawaka na kusimama ikitafuta diski. Kwa mpangilio huu, swali la pili kati ya yale manne linafutika, na kadi ambazo zingetupwa zinakuwa na kazi.

Hatua ya 3: draiva

Chukua ile namba uliyoiandika. Kwenye mashine lengwa, andika `modinfo megaraid_sas` au `modinfo mpt3sas` na utafute namba hiyo kwenye mistari ya alias. Kama moduli haipo kabisa, tazama mipangilio ya kerneli kwa `zgrep MPT3SAS /proc/config.gz`. Kerneli za bao ndogo mara nyingi hujengwa bila draiva za kadi za seva, kwa sababu aliyezijenga hakuwaza kwamba kuna mtu atachomeka kadi ya SAS hapo. Katika hali hiyo kadi haina kasoro. Jenga kerneli upya.

Kuwepo kwa draiva kwenye kerneli rasmi hakumaanishi kwamba usambazaji wako wa Linux (distro) umeiacha ilivyo. Red Hat Enterprise Linux 8 iliondoa namba za kadi nyingi za zamani, SAS2008 ikiwemo, ilhali kerneli rasmi bado inazitambua. Kwa Mylex, draiva ya zamani ya DAC960 ilibadilishwa na `myrb` na `myrs`, na jina la kifaa likahama kutoka `/dev/rd/c0d0` kwenda `/dev/sda`. Mwenye Alpha anayesasisha kerneli bila kurekebisha `/etc/fstab` ataona mashine haiwaki, na atadhani safu imevunjika kumbe ipo salama.

Draiva ikishapakiwa, soma `dmesg` (ujumbe wa kerneli) kwa utulivu. Mambo matatu ndiyo yanayozisumbua mashine hizi. La kwanza ni mpangilio wa baiti: Power Mac na SPARC huweka baiti kubwa mbele, na draiva iliyojaribiwa kwenye x86 pekee inaweza kutuma amri zikiwa zimegeuzwa. Dalili yake ni kadi inayotambulika lakini inayotoa ukubwa wa ajabu wa diski au kugoma kuanza. La pili ni ukatishaji (interrupt), yaani ishara ya kadi kuiita prosesa, ambapo ubao haushughulikii ishara za aina ya MSI kama kadi inavyotarajia. Amri zinatumwa na majibu hayarudi, kisha unaona ujumbe wa muda kuisha na kadi kuwekwa upya tena na tena. Jaribu kuwasha kerneli kwa `pci=nomsi` na ulinganishe. La tatu ni nafasi ya anwani ambayo ubao huwapa vifaa vya PCI. Bao ndogo za ARM huwa na dirisha dogo, na `dmesg` husema wazi kwamba imeshindwa kuipatia BAR (eneo la anwani ambalo kadi inaliomba) nafasi. Dirisha hilo hupanuliwa kwenye faili la device tree, linaloielezea kerneli vifaa vya ubao.

Kwa mifumo isiyo ya Linux hali ni kali zaidi. Mac Pro ya 2023 ina sloti za PCIe, lakini draiva iliyoandikwa kwa Mac za Intel haitapakiwa humo, kwa hiyo mtengenezaji wa kadi lazima awe ametoa toleo la prosesa za Apple.

Hatua ya 4: zana za kuisimamia kadi

Watengenezaji hutoa zana zao, `storcli`, `arcconf`, `tw_cli` na kadhalika, zikiwa tayari zimejengwa, na hasa kwa x86. Baadhi zina toleo la ARM. Kwa SPARC yenye Linux au PowerPC ya zamani, usizitarajie. Zipo njia nne za kupita hapo, nami nimezipanga kwa jinsi ninavyozipendelea.

Iliyo bora ni kadi inayojisimamia yenyewe. Areca kadhaa zina tundu la kebo ya mtandao kwenye kadi, na ndani yake mna ukurasa wa wavuti. Unaunda safu, unabadilisha diski na kupokea barua pepe ya onyo bila mfumo endeshi kuhusika. Kwa mashine isiyo ya kawaida, hiki ni kigezo cha kununulia.

Inayofuata ni mifumo yenye zana huria. OpenBSD ina `bioctl`, inayozungumza na kadi kupitia draiva ya kerneli. Inakuonyesha hali ya kila diski, inazima king'ora na kuteua diski ya akiba. FreeBSD ina `mfiutil` ndani ya mfumo wenyewe kwa kadi za MegaRAID. Zote mbili zinajengwa kutoka kwenye msimbo uleule wa mfumo.

Kwenye Linux, `smartctl` ni huria na inajua kupenya nyuma ya kadi: `smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda` inasoma diski yenye namba 0 nyuma ya MegaRAID, na kuna `-d 3ware,N` na `-d areca,N` kwa nyingine. Haitakuambia hali ya safu, ila itakuambia hali ya diski. Iweke kwenye cron (kipangaji cha kazi za kujirudia), ikutumie ujumbe.

Ya mwisho ni mashine msaidizi. Ichomeke kadi kwenye PC, ingia kwenye mipangilio yake (Ctrl-R kwa PERC, Ctrl-H kwa MegaRAID, Ctrl-A kwa Adaptec), unda safu, washa king'ora, kisha hamisha kadi pamoja na diski zake. Mpangilio wa safu huandikwa kwenye diski zenyewe, hivyo hausahauliki. Kasoro ya njia hii ni kwamba siku diski ikifa utalazimika kuifungua mashine na kuihamisha kadi tena. Kama huna PC ya kudumu kwa kazi hiyo, usiichague.

Hatua ya 5: kuunda safu yenyewe

Safu iliyoundwa na kadi halisi haijali prosesa ya kompyuta, kwa kuwa aliyeandika alama zake ni prosesa ya kadi. Linganisha na RAID ya Linux: muundo wa zamani wa `mdadm`, toleo 0.90, huandikwa kwa mpangilio wa baiti wa mashine iliyouunda, hivyo safu ya Power Mac haifunguki kwenye PC bila kuigeuza kwa `--update=byteorder`. Matoleo ya 1.x hayana shida hiyo.

Mfumo wa faili unaouweka juu ya safu nao una mpangilio wake. ext4 huandika baiti ndogo mbele popote ilipo, XFS huandika baiti kubwa mbele popote ilipo, na ZFS husoma zote mbili. UFS hufuata mashine. Ukitaka uwezo wa kuziokoa diski kwenye mashine nyingine, chagua kati ya zile tatu za kwanza.

Angalia ukubwa. Mifumo na programu dhibiti za zamani huhesabu sekta kwa biti 32, na sekta za baiti 512 zikihesabiwa hivyo hufika mwisho kwenye tebibaiti 2. Kadi nyingi zinaruhusu safu moja ikatwe kuwa diski kadhaa za kufikirika. Ikate vipande visivyozidi hapo.

Kuhusu kache: usiwashe uandishi wa kuahirishwa (data kukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kadi kabla ya kufika kwenye diski) kama betri ya kadi imekufa, na kwenye kadi iliyonunuliwa ikiwa imetumika, chukulia imekufa hadi uipime. Na kama diski zako ni za mezani, jaribu `smartctl -l scterc,70,70` ili diski iache kuhangaika na sekta mbovu baada ya sekunde 7. Bila hivyo kadi huichoka diski nzima na kuitoa kwenye safu kwa sababu ya sekta moja.

Hatua ya 6: ijaribu kana kwamba unataka kuivunja

Jaza safu kwa `fio` (zana ya kupima diski) ikiwa na `--verify=crc32c`, iendelee usiku kucha. Kisha nakili faili kubwa, chukua `sha256sum`, zima mashine kabisa, ngoja ipoe, washa, upime tena. Kuwasha kutoka kwenye baridi na kuwasha upya ni mambo mawili tofauti kwenye mashine hizi. Kadi nyingine huchelewa kuamka na ubao hauisubiri. Ikitokea, tafuta mpangilio wa kuchelewesha uchunguzi wa PCI, au washa upya mara moja na uone kama inaonekana.

Halafu chomoa diski moja mashine ikiwa kazini. Je, ulipata onyo? Kwa njia gani, na baada ya muda gani? Kama hukupata, hatua ya 4 haijakamilika, irudie. Rudisha diski, angalia safu inavyojijenga upya, na uandike ilichukua saa ngapi.

Pale kadi ya RAID isipofaa

Kama mfumo wako endeshi una RAID yake yenyewe nzuri, mara nyingi kadi ya kuunganishia diski tu inashinda. SAS2008 yenye programu dhibiti ya IT (inayozikabidhi diski moja moja bila RAID), bila kodi yoyote ya kuwashia, ikiwa na `mdadm` au ZFS juu yake, hukuondolea maswali mawili kwa mpigo: zana ni za mfumo, na diski zinasomeka kwenye mashine yoyote. Ninapoulizwa kuhusu POWER9, ARM au RISC-V, hili ndilo jibu langu la kwanza.

Kwa mfumo mdogo usio na RAID wala draiva za kadi za kisasa, chukua kasha la nje lenye kidhibiti chake ndani. Kompyuta inaunganishwa kwa SCSI au SATA na kuona diski moja tu. Draiva inayohitajika ni ile unayoitumia tayari.

Kadi ya akiba

Ukiamua kubaki na kadi ya RAID, nunua mbili za aina moja sasa hivi, wakati bado zinapatikana. Zipakie zote toleo lilelile la programu dhibiti, na uijaribu ya pili kwa kuhamishia diski zote kwake na kukubali mpangilio wa kigeni (foreign configuration, yaani ule ulioandikwa kwenye diski na kadi nyingine) inapouliza, usibonyeze kuufuta. Bandika karatasi ndani ya kasha yenye namba ya PCI ya kadi, toleo la programu dhibiti, na namba ya serial ya kila diski ikielekezwa kwenye kebo yake. Diski namba 2 ikifa, hutakuwa na muda wa kukisia kebo ipi inakwenda wapi.